Kasha limefika kifuniko kimepasuka: nani alipe?

Waalaikum salaam dadangu wa Shela. Nimekusoma. Uliuza kasha la mvule kwa bwana wa Nakuru, akakutumia KSh 18,000 zote kwa M-Pesa, ukalipeleka Mokowe, ng'ambo ya bara, likapakiwa basi, na limemfikia kifuniko kimepasuka. Sasa anataka pesa zote zirudi, kasha bado liko kwake, na anakutisha na polisi. Waliokujibu kabla yangu, nusu wamesema rudisha yaishe, nusu wamesema zima simu. Yote mawili yaache.

Mimi nauza vyombo vya mbao na kununua vipuri vya mashine za boti hapa Langoni, mjini Lamu, karibu kila kitu kwa simu, na kwenye ugomvi wa namna hii nimewahi kukaa pande zote mbili. Usianze kwa kutafuta nani muongo. Tafuta kwanza kasha lilipasuka likiwa mikononi mwa nani, na saa hiyo lilikuwa lishakuwa lake au lilikuwa bado lako. Hilo likijulikana, mambo mengine ni hesabu tu.

Maana sisi wa kisiwani mzigo wetu hupita mikono mingi. Kutoka Shela umeteremka kwa boti au mgongoni mwa punda, ukavushwa hadi Mokowe, kuli akaupandisha, makanga akausukuma kwenye buti chini ya magunia ya watu. Hapo ndipo safari inaanza: Hindi, Witu, Gamba, Garsen, na vizuizi ambako mizigo hushushwa ikakaguliwa. Mombasa ukabadilishiwa basi, Nakuru ukalala ofisi ya parseli, kisha bodaboda akaupeleka kwake. Wanaouziana simu ndani ya Nairobi, mzigo hubebwa na boda mmoja, nao ndio wanaotuandikia kwamba "muuzaji hulipa daima" au "ukishatuma si shida yako". Hayajui ya Mokowe hayo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina kanuni ambayo wengi hawaijui. Mkikubaliana mzigo usafirishwe, ukishaukabidhi kwa msafirishaji ili ampelekee mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa umeshamkabidhi mnunuzi mwenyewe, na hasara ya njiani huelekea kwake. Lakini usifurahi bado. Kwanza, hiyo ni pale ambapo hamkukubaliana vingine. Rudi kwenye mazungumzo yenu ya WhatsApp usome ulichoandika kabla hajalipa. Kama uliandika "nitakutumia kwa basi, nauli juu yako", umesimama pazuri. Kama uliandika "usijali, nitakufikishia mpaka mlangoni likiwa zima", basi umeyabeba mwenyewe ya njiani, na hilo neno dogo la "likiwa zima" ndilo atakalokuonyesha mbele ya yeyote mtakayekwenda kwake. Pili, sheria hiyohiyo inakutaka upatane na msafirishaji kwa namna inayolingana na mzigo wenyewe. Kasha zito ukilitia kwenye gunia tupu, karani akaandika "mzigo 1", mnunuzi ana haki ya kusema hakuhesabiwa kupokea chochote pale Mokowe.

Kwa hiyo, dadangu, ulilifungaje? Hukusema, na jibu lote limelala hapo. Kasha la kwetu halivunjiki popote tu. Huvunjika kwenye bawaba, kwa sababu kifuniko ni kizito na njiani hucheza, na huvunjika kwenye pembe linapotupwa kusimama upande. Mimi huziba mwanya wa kifuniko kwa vipande vya godoro kuukuu, nikafunga kamba ya nailoni mara mbili kwa upana na mara moja kwa urefu, ufunguo nikautoa nikautuma kivyake, pembe nne nikazivisha boksi lililokunjwa, ndipo gunia. Juu ya gunia naandika kwa kalamu nene MBAO, USIWEKE MZIGO JUU. Makanga hatalisoma, najua. Picha ya maandishi hayo pamoja na risiti yenye maneno "kasha la mbao" ndiyo inayosomwa baadaye.

Na mwambie bwana huyo akupe picha ya ule ufa kwa karibu, ndani na nje. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani ikipelekwa bara kwenye hewa kavu hupasuka, sisi wa mbao tunalijua hilo, lakini ufa wa kukauka hufuata uzi wa mbao, hauna alama ya kugongwa, na hauji kwa safari ya basi; huchukua majuma. Ufa uliotokana na kishindo utauona una pembe iliyobonyea karibu yake, au misumari ya bawaba imeng'oka na vijiti vya mbao nyeupe vimetoka nayo. Na ufa wa zamani, tazama ndani yake: vumbi na nta vimeshaingia. Picha tatu tu zitakwambia kama unajadili basi, hali ya hewa, au ufa uliokuwapo tangu kwako. Kama ulikuwapo tangu kwako na hukumwambia, mrudishie pesa zake na nauli. Kuficha aibu ya bidhaa hakuna mlango wa kutokea, kwa sheria wala kwa dini.

Upande wa mnunuzi nao una wajibu wake. Niliwahi kuagiza kabureta ya mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 40 kwa muuzaji wa Mombasa. Mzigo wangu wowote wa bei naufungulia palepale kaunta ya parseli, mtu mwingine akinirekodi: video inaanza kwenye lebo yenye jina langu, boksi linazungushwa pande zote, halafu kisu kwenye tepu, bila kukatisha. Ikatoka kabureta ndogo, shingo yake haikaribii hata kidogo ile kuukuu niliyokuja nayo mfukoni. Ilikuwa ya farasi 15. Nikampigia. "Uliomba Yamaha, nimekuletea Yamaha." Sikumwita mwizi, maana ukishamwita mtu mwizi hana tena sababu ya kupatana nawe. Nilimrudishia ujumbe wangu wa kuagiza, wenye picha ya kibati cha mashine chenye namba ya modeli, na chini yake jibu lake mwenyewe: "iko boss".

Akanyamaza. Kesho yake akaja na hoja ya nauli ya kurudisha, na hapo ndipo wengi hukwama. Msimamo wangu ni huu: aliyepeleka kitu tofauti na alichokubali hulipa kwenda na kurudi, kitu kikiwa kilekile na mnunuzi kabadili moyo tu, nauli zote ni za mnunuzi. Tukaelewana niipeleke basi, nauli ailipe yeye akipokea, akiona picha ya risiti anitumie nusu ya pesa, na nusu ya pili akishafungua. Akatuma zote mbili. Angekuwa tapeli asingetuma hata ya kwanza, nami kabureta ingekuwa bado haijamfikia. Ndiyo maana ya kugawa: hakuna saa ambayo mtu mmoja ameshika kitu na pesa zote pamoja. Huyo bwana wako wa Nakuru anachotaka ni hivyo hasa, kasha kwake na pesa kwake, na hilo usilikubali hata akikuapia kwa mamake.

Ofisi ya basi je? Nenda, lakini usiweke matumaini makubwa. Nyuma ya risiti nyingi za parseli kuna maandishi madogo yanayopunguza wajibu wao, hasa kama hukutaja thamani ya mzigo. Dai liandikwe, lisiwe la mdomo, na lipelekwe mapema na mwenye risiti. Mnunuzi aliyesaini kuwa kapokea mzigo mzima, akafungua nyumbani usiku, amelidhoofisha dai lenu nyote wawili. Mimi nilishawahi kulipwa na kampuni ya basi fidia ndogo kwa fremu ya kioo, baada ya safari nyingi za kwenda kumngoja meneja ambaye daima alikuwa "ametoka sasa hivi".

Sasa pesa. Anaweza kujaribu kurudisha malipo kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456. Njia ile imewekwa kwa pesa zilizokwenda namba isiyo yake, lakini wapo wanaoitumia kama silaha. Ukipigiwa simu na huduma kwa wateja, pokea, jieleze kwa utulivu: ni malipo ya bidhaa, mazungumzo ninayo, risiti ya basi ninayo. Anayekimbilia kuzima simu hujifananisha na tapeli. Na yule kijana wa Malindi aliyesema hapo juu kwamba alipoteza simu kwa ujumbe bandia wa M-Pesa: ujumbe si pesa. Wa kweli huingia kwenye mfululizo uleule wa siku zote wenye jina MPESA, si kutoka namba ya mtu, lakini hata huo usiutegemee kwa macho ya haraka. Angalia salio lako, ndipo uachie kitu. Boda akikuharakisha eti tajiri anamngoja, mwache angoje.

Kwa mizigo ya bei ya kasha lako, siku nyingine usipokee zote mwanzo. Chukua arubuni inayotosha kufunga na nauli. Kinachobaki kilipwe mzigo ukishafika ofisi ya parseli ya mji wake. Karani ninayemzoea hukubali kuuzuia mpaka nimpigie. Si kila ofisi hukubali, ulizia kabla ya kupakia.

Hilo la polisi lisikutoe usingizi. Kupata mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, lakini kuna udanganyifu hapo? Ulikuwa na kasha, ulilipeleka, limefika. Kugombania kifuniko ni madai, si jinai. Pahali pake ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016: inashughulikia madai hadi KSh 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Ambako hakuna mahakama hiyo, ni kwa hakimu wa kawaida. Wapo Lamu hapa ambao kila jambo hukimbilia kwa Kadhi. Mahakama yake kikatiba ni ya ndoa, talaka, mirathi na hali binafsi za Waislamu, si mauzo ya kasha. Mzee wa mtaa anayeheshimika anaweza kuwapatanisha kwa sulhu, lakini mtu wa Nakuru hatamjua mzee wako. Ndiyo nasema tafuteni fundi.

Fundi seremala wa hukohuko Nakuru, amchague yeye, alitazame kasha na kutaja bei ya kulitengeneza kwa maandishi. Watu wakishaona bei halisi hupoa. Ugomvi wa KSh 18,000 hugeuka ugomvi wa kifuniko, na kifuniko kina gharama inayozungumzika. Kwa hali uliyoeleza, na kama ulilifunga vizuri, mimi ningejitolea nusu ya hiyo bei, kasha libaki kwake. Kama ulilifunga ovyo, lipa yote ya fundi. Kama anataka pesa zote, kasha lirudi kwanza hadi Mokowe, limefungwa kama ulivyolifunga wewe, nauli juu yake.

Mwandikie leo, si kwa sauti bali kwa maandishi, kitu kama hiki: "Bwana, pole kwa kilichotokea. Kasha lilitoka kwangu zima, picha na risiti hizi hapa. Naomba picha za ufa ndani na nje, na bei ya fundi unayemwamini. Nikizipata tutagawana gharama. Ukipenda kulirudisha, lirudi kwanza, nami nitarudisha pesa baada ya kulikagua." Usiongeze kitu. Usiandike "samahani kosa langu" kwa ajili ya adabu tu, maana adabu hiyo itasomwa kama ungamo.

Na ndugu aliyechomekea swali la mlango wa kale anaotaka kumtumia Mwitaliano: hilo ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale vya kabla ya 1895, na milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Bila kibali hautoki nchini, na hapo hutagombana na mnunuzi, utagombana na serikali. Kapige hodi Makumbusho ya Lamu kabla hujapokea hata arubuni.

Dadangu, picha za ufa zikifika ziweke hapa, hasa ya bawaba, kabla fundi hajaigusa.