Généthon ilijengwa kwa pesa za nani
Généthon ni maabara ya Ufaransa ya utafiti wa magonjwa ya kurithi, na pesa za kuijenga si za serikali wala kampuni ya dawa. Ni michango ya wananchi: AFM, chama cha wagonjwa wa misuli na wazazi wao, kilianza Téléthon mwaka 1987, harambee ya saa 30 hewani kwenye televisheni, na 1990 kikafungua maabara ya Généthon pale Évry, karibu na Paris. Nilipokuwa nasoma huko nilichangia kwa kununua kipande cha keki, euro mbili, kwenye meza ya akina mama nje ya duka la mikate. Ila kuchangia utafiti si kumiliki dawa: Zolgensma, dawa ya watoto wenye SMA (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli), ina mizizi Généthon, lakini muuzaji ni Novartis, na Marekani 2019 ilitoka kwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mtoto mmoja.