Vidonge vya kukesha

SWALI: Shikamoo Bibi Mfamasia. Nasoma chuo hapa Tanga, mitihani imebaki wiki mbili. Mwenzangu wa chumbani ana vidonge vya modafinili. Anameza kimoja saa nne usiku, anakesha hadi alfajiri wala hapigi miayo. Anasema vinafungua akili. Vinafanyaje kazi, na nami nivijaribu? – Binti, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Dawa hiyo ni ya wagonjwa wa nakolepsia, watu ambao usingizi huwabeba mchana kweupe, hata katikati ya maongezi. Marekani iliidhinishwa kwa ajili yao mwaka 1998.

Umewahi kukaa barazani Ngamiani muuza kahawa anapopita? Anakumiminia, unakunywa, anakipokea kikombe, anakisuuza kwenye ndoo. Ubongoni ni vivyo hivyo: seli ya neva humwaga dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye mwanya ulio kati yake na seli jirani, jirani akapata ujumbe, kisha protini maalumu huirudisha dopamini ilikotoka. Modafinili humshika mkono huyo mkusanya vikombe. Dopamini inakawia pale mwanyani, soga haliishi, nawe macho kodo. Amfetamini, dawa nyingine ya kuchangamsha ubongo, ni kali zaidi, yenyewe husukuma dopamini itoke kwa wingi. Kahawa ina njia yake: inakalia kiti cha adenosini, ile inayojikusanya tangu uamke mpaka kope zikuelemee.

Kufungua akili, hapana. Inaahirisha usingizi tu, na deni liko palepale. Tena haitoki upesi. Aliyemeza saa nne usiku, kesho yake saa sita mchana karibu nusu bado imo mwilini. Ataingia chumba cha mtihani kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, na usiku wa pili hapati lepe. Ulichosoma hujikita kichwani ukiwa umelala. Mimi nilipokuwa chuoni nilikesha kwa kahawa chungu na kashata, nikamaliza daftari zima la kemia; asubuhi nikakumbuka kashata.

Na kuna jambo ambalo wanaopeana vidonge chumbani hawaambiani. Modafinili hulichangamsha ini livunje homoni upesi, kwa hiyo vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti hupungua nguvu, wakati wa kuitumia na hata mwezi mzima baada ya kuiacha. Akitokwa na vipele, aache mara moja aende hospitali.

Wewe usivimeze. Na mwenzako, ana kijiti? Muulize leo.