Paka anayekojoa nje ya beseni: yaliyonipata na Waziri hapa Nakuru

Pole sana, dada, kwa yanayokupata huko Migosi, Kisumu. Umeeleza kwamba paka wako dume wa miaka 3, ambaye mlihama naye kutoka Kakamega miezi miwili iliyopita, ameacha beseni lake la mchanga na sasa anakojoa kitandani, ndani ya kikapu cha nguo chafu, na mara moja kwenye pazia la mlangoni. Umesema pia kwamba mwenye nyumba ameanza kulalamikia harufu, kwamba jirani mmoja amekushauri umsugue paka pua kwenye mkojo wake, na kwamba mwingine amekuambia umtie guniani ukamwache soko la Kibuye. Nakujibu kwa urefu kwa sababu katika jambo hili mimi nilifanya karibu kila kosa, na moja kati ya makosa hayo lilikaribia kumuua paka wangu.

Paka huyo anaitwa Waziri, jina alilopewa na binti yangu kwa kuwa hupenda kukalia viti ambavyo si vyake. Tunaishi Kiamunyi. Alipokuwa na umri wa miaka 2, tulikwenda kwetu Butere kwa sikukuu za Desemba tukamwachia kijana wa jirani kazi ya kumlisha, na tuliporudi nilikuta amekojoa katikati ya godoro langu. Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba alikuwa amekasirika kwa kuachwa na sasa analipiza kisasi. Nikamchapa kwa kandambili na kumfungia nje usiku ule, na wanaoijua baridi ya Nakuru wanajua hilo lilikuwa jambo gani. Naliandika kwa aibu. Paka hana mpango wa kisasi kwa njia ya mkojo, na kipigo hakikumfundisha chochote isipokuwa kunikimbia.

Siku tatu baadaye nilimwona akiingia beseni na kutoka, akichutama kwa muda mrefu, akilia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia, kisha akijilamba chini ya mkia. Nilihukumu kwamba amefunga choo, nikampa mafuta ya kupikia. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo, bila hata kumwona paka, aliniuzia vidonge vya antibiotiki. Kufikia asubuhi iliyofuata Waziri alikuwa anatapika na kulala chini ya kitanda bila kuinua kichwa. Daktari wa mifugo alimgusa tumbo mara moja tu, akaniomba na mimi niguse: kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mrefu na mwembamba, na unaweza kuzibwa na fuwele ndogo zilizochanganyika na ute. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo hushindwa, potasiamu hupanda katika damu, na moyo unaweza kusimama. Paka aliyezibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Waziri alilazwa kwa dawa ya usingizi, akawekewa mpira wa kutolea mkojo, akatundikiwa dripu, akakaa huko siku tatu.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha lolote nyumbani, usiku huu huu angalia kama mkojo unatoka, na unatoka kiasi gani. Dimbwi kubwa kitandani linaudhi, lakini linaonyesha kwamba njia iko wazi. Ukimwona anachutama mara kwa mara na hakuna kinachotoka, au yanatoka matone machache yenye rangi ya waridi, hilo si suala la tabia tena na usingoje kukuche. Usijaribu kumkamua tumbo, kwa kuwa kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Usimpe Panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli, kwa sababu mwili wa paka hauwezi kuivunjavunja, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Tafuta mapema daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na umuulize waziwazi kama hutibu paka, maana upande wetu huu madaktari wengi hushinda kwa ng'ombe wa maziwa, na si kila mmoja ana mpira mwembamba wa kutosha kwa paka.

Iwapo mkojo unatoka, lakini kidogo kidogo, mara nyingi na kwa maumivu, huenda kibofu kimevimba. Kwa paka wa umri wa wako, uvimbe huo ni nadra kusababishwa na bakteria, ndiyo maana vidonge nilivyouziwa visingesaidia hata kama Waziri asingekuwa amezibwa. Mara nyingi madaktari hawaoni chanzo cha moja kwa moja, ila wanajua kwamba msongo huuchochea, na kwa paka kuhamishwa nyumba ni msongo mkubwa. Paka mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa madimbwi makubwa ana habari nyingine, ya figo au kisukari, lakini wako bado ni kijana.

Lile pazia nalitenga na kitanda. Paka anayekojoa kwa haja huchutama, na mkojo huwa mwingi mahali palipo tambarare. Paka anayeweka alama husimama, huinua mkia ukitetemeka, na hurashia kidogo kwenye kitu kilichosimama kama ukuta, mlango au pazia. Hukusema kama amehasiwa. Kama bado, anza na hilo, kwa kuwa kuhasi hupunguza au hukomesha kurashia kwa takriban madume 9 kati ya 10, ingawa inaweza kuchukua majuma kadhaa kabla tabia kupungua. Kama ameshahasiwa, chunguza kama kuna dume mwingine anayepita dirishani jioni. Kwetu alikuwapo mmoja mweusi, mwenye masikio yaliyochanika, aliyekuwa akilala juu ya tangi la maji, na Waziri alirashia mlango wa jikoni mpaka tulipofunika kioo cha chini kwa karatasi asiweze kumwona.

Sasa nije kwenye beseni, ambalo ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu Waziri alirudi kutoka hospitalini akiwa amepona na bado akaendelea kukojoa nje yake. Daktari alinieleza kwamba paka aliyeumia akiwa ndani ya beseni huweza kulihusisha na yale maumivu, akatafuta mahali laini pasipomkumbusha, na hapo ndipo kitanda na kikapu cha nguo huingia. Haikutosha, basi, kumwonyesha tena lile la zamani. Nililitupa. Nilipolitazama vizuri kabla ya kulitupa, niliona kwamba mimi mwenyewe nisingelitumia: lilikuwa beseni dogo la kufulia soksi, liliwekwa bafuni ambako sakafu haikauki, kati ya ndoo za maji tunazoweka akiba siku za mgao, na kila mgeni aliyetoka humo alifunga mlango nyuma yake.

Beseni linalofaa huwa na urefu wa angalau mara moja na nusu ya paka mwenyewe, kutoka pua hadi shina la mkia, ili aweze kugeuka na kuchimba. Mimi nilinunua karai pana la plastiki. Kwa paka mmoja huwekwa mabeseni mawili, katika vyumba tofauti, mbali na sahani ya chakula, mahali patulivu lakini si kwenye kona ambamo anaweza kuzingirwa na mtoto au mbwa.

Kuhusu cha kuweka ndani, nilijaribu vitu vinne. Chembechembe zenye manukato za dukani zilinipendeza mimi, yeye akazinusa na kwenda zake. Vumbi la mbao kutoka kwa fundi lilimridhisha kwa wiki moja, lakini lilinata kwenye miguu yake na kusambaa hadi mezani. Jivu la jikoni sikushauri kabisa, kwa kuwa likilowa huwa kali na huweza kuchoma ngozi. Kilichoshinda ni mchanga laini wa mto, uliochekechwa na kuanikwa juani, kina cha sentimita 3 hadi 5. Ningekuwa na akili ningeanza nao, maana kila aliyewahi kujenga hapa Nakuru anajua jinsi paka wa mtaa mzima wanavyolipenda rundo lake la mchanga. Hata hivyo usiniamini mimi. Weka mabeseni mawili ubavu kwa ubavu, kila moja na kitu chake, na kwa wiki moja umwache paka achague, kisha ndipo uyatenganishe.

Uchafu huondolewa asubuhi na jioni, na beseni huoshwa kwa sabuni ya kawaida kila wiki. Ikiwa kuna mjamzito nyumbani, kazi hiyo aifanye mtu mwingine, kwa ajili ya kimelea cha toksoplasma kinachoweza kuwamo katika kinyesi. Kimelea hicho huhitaji angalau siku moja nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuondoa kinyesi kila siku ni kinga kwa wote.

Juu ya harufu, nilipoteza pesa nyingi kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mkojo wa paka hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini hutokea hewa inayochoma mapafu. Isitoshe, madoa hayakuondoka, kwa sababu asidi ya yuriki iliyomo huganda kuwa fuwele zisizoyeyuka vyema kwa maji, na hewa ikiwa na unyevu, kama ilivyo Kisumu karibu na ziwa, harufu huamka upya. Kinachofaa ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes, vitu vinavyovunjavunja uchafu), iliyokorogwa katika maji ya vuguvugu na kuachwa juu ya doa kwa muda mrefu, si kupangusa tu. Ili kuyapata madoa yote, azima ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, zima taa za nyumba usiku, na utembee nayo polepole. Nilipofanya hivyo niligundua madoa matano ambayo pua yangu haikuyajua, mawili yakiwa nyuma ya kochi. Godoro langu halikuokoka, kwa kuwa sponji hunyonya mkojo hadi ndani. La kwako, ukiliokoa, livishe kifuniko kisichopitisha maji.

Mpe chumba kimoja kwanza, chenye beseni, maji, chakula na blanketi alilolizoea kutoka Kakamega ambalo halijafuliwa, na umfungulie vyumba vingine akishatumia beseni bila kukosea kwa wiki mbili hivi. Chumba cha kulala kiwe cha mwisho. Kikapu cha nguo kipate kifuniko leo. Ongeza maji katika chakula chake. Waziri nilimpunguzia biskuti kavu, nikawa namchanganyia omena iliyochemshwa bila chumvi pamoja na supu yake, mara chache kwa wiki tu, kwa kuwa samaki peke yake si mlo kamili.

Waziri alichukua karibu miezi miwili, na katikati alikosea mara tatu. Mwenye nyumba wako mwambie ukweli, kwamba unaosha kwa sabuni ya vimeng'enya na kwamba paka anatibiwa, kisha mwalike aje usiku na ile taa aone mwenyewe kama kuna doa jipya. Wetu alikuja, akamulika sebule nzima, na doa pekee alilolipata lilikuwa chai ya mtoto.