Mama anaswali Adhuhuri mara tatu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mama yetu ana miaka 78. Anaswali Adhuhuri, anakunja mswala, baada ya robo saa analalamika kuwa tumemzuia kuswali. Rakaa nazo zinampotea. Ramadhani iliyopita alikuwa akila mchana. Kaka anasema tumtolee fidia. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Kwanza, acheni kubishana naye. Akitaka kuirudia, mtandikieni mswala. Hana dhambi, na nyinyi mmekatazwa hata kumwambia “uff”.

Uzee wa kawaida humsahaulisha mtu jina la jirani, jioni likamrudia. Anayesahau kuwa ameswali sasa hivi ana jambo zaidi ya uzee, basi mpelekeni hospitali. Wakati mwingine chanzo ni dawa anazomeza au upungufu wa vitamini B12, na hilo hutibika. Yakiwa ni maradhi ya ubongo, mara nyingi huanza pale panapohifadhiwa mambo mapya, ya zamani yakasalia. Ndiyo maana unaweza kumkuta mzee hajui leo siku gani, lakini Alhamdu aliyofunzwa chuoni anaisoma bila kukosea herufi. Qur'ani imelitaja hili katika An-Nahl, aya ya 70: wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Mtume (s.a.w.) akiomba kinga kwa Allah asifikishwe huko.

Hukumu inafuata akili, tena saa kwa saa. Kalamu inayoandika matendo imeondolewa kwa asiye na akili mpaka zimrudie. Akizinduka akajua wakati wa swala umeingia, inamlazimu, mmoja wenu akae kando amwambie, “Sasa rukuu, mama.” Hapana ubaya. Wakati akili haipo hadaiwi swala, wala hatailipa.

Kuhusu fidia, yaani kulisha maskini badala ya kufunga, kaka yenu amechanganya. Hiyo ni ya mzee mwenye akili aliyeshindwa na mwili, kama sahaba Anas bin Malik alipozeeka akala na kulisha maskini. Mama, ikiwa alitia nia usiku, akili anazo, akala kwa kusahau tu, saumu yake ni sahihi. Ikiwa hakujua saumu ni kitu gani, hadaiwi saumu wala fidia.

Kama ana dhahabu ya akiba iliyofika kiwango, zaka yake haikuanguka. Katika madhehebu ya Shafi, msimamizi wake ndiye aitoe. Hamkuniuliza hilo, lakini zaka huisahau hata wenye akili timamu.