Bosi akiomba ripoti mfumo unaganda, nihamie ClickHouse?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimetengeneza mfumo wa mauzo wa maduka ya dawa ya bosi wangu hapa Mwanza, data iko MySQL, jedwali la mauzo lina kolamu 40 na mistari imeshafika milioni 20. Risiti moja inatoka fasta, ila bosi akitaka jumla ya kila tawi mfumo unaganda mpaka wauzaji wananipigia simu. Jamaa kaniambia nihamie ClickHouse, eti inapanga data kwa kolamu. Ndo nini hiyo, na nihamishe kila kitu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Mdogo wangu pole, ila usihamishe kila kitu.

MySQL inaandika kama daftari la dukani, tarehe, dawa, bei, tawi na muuzaji vyote vimeshikana kwenye mstari mmoja, ndo maana risiti inatoka haraka, ukishaufikia mstari wake umemaliza. Sasa bosi anataka bei na tawi tu lakini diski inabeba kolamu zote 40. Tuseme mstari una baiti 400, hapo milioni 20 ni kama GB 8 za kusoma, wakati bei peke yake kwa baiti 8 ni MB 160. ClickHouse ni hifadhidata ya kazi za ripoti, kwenye jedwali kubwa kila kolamu ina faili lake, inafungua la bei na la tawi, basi. Alafu vitu vinavyofanana vikikaa pamoja vinabanika sana, jina la tawi kama "Nyakato" likijirudia mara milioni tatu mfululizo inabaki kitu kiduchu.

Indeksi, yaani orodha ya kutafutia data, ndo wengi wanapokosea. Ya ClickHouse haishiki kila mstari, inaweka alama moja kila fungu la mistari 8192, kwa hiyo mistari yako yote ni alama kama 2,442 tu, zinakaa kwenye RAM bila shida. Ukiuliza mauzo ya Nyakato mwezi wa tatu inapitia alama, inaruka mafungu yasiyohusika, inasoma yale machache yaliyobaki. Ila kuruka huko kunategemea data ilivyopangwa kwenye diski, yaani ile ORDER BY unayoandika siku ya kuunda jedwali. Mimi kazi moja nilianza na namba ya risiti, matawi yote yakachanganyika kila fungu, ikawa kila ripoti inasoma kolamu nzima, na mpangilio huo haugeuzwi, ilibidi niunde jedwali jipya na kumwaga data yote upya. Wewe anza na tawi, kisha tarehe.

Risiti na stoku ziache MySQL. Mstari mmoja wenye kolamu 40 kwa ClickHouse ni kugusa mafaili 40, na kila faili linasomwa fungu zima, na kurekebisha bei moja kwa njia ya kawaida kunaandika upya faili la kolamu. Pia usiingize mauzo mojamoja, kila ukiingiza kinazaliwa kipande kipya kwenye diski ambacho baadae lazima kiunganishwe na vingine, vikizidi inagoma kupokea. Kusanya, mwaga kwa mkupuo, hata elfu 10 kwa mara moja.

Leo usiku wakishafunga maduka nakili mauzo ya mwaka huu tu kwenda ClickHouse, kesho bosi aombe ripoti ileile. Ikiwa bado nzito nitumie hiyo kwerii (amri ya kuuliza data) yenyewe pamoja na ORDER BY yako niione.