Re: Joto lote hili la Mombasa, mbona hatuchimbi jotoardhi?
Ndugu uliyeuliza mbona hapa Mombasa twatoka jasho usiku na mchana na hatuchimbi stima kama ya Olkaria, vile vituo vya jotoardhi vya karibu na Naivasha, swali zuri na nataka nikujibu sawasawa maana mie nimefanya kazi ya kuchomelea mabomba ya mvuke kule Naivasha. Jua halihusiki kabisa. Jotoardhi ni joto la ndani ya ardhi na karibu popote ukichimba lapanda, kawaida digrii 25 hadi 30 kila kilomita. Piga hesabu, hapa kwetu ukishuka kilomita tatu, ukijumlisha na joto la huku juu, huenda ukakuta digrii 110 hivi, lakini Olkaria kwa kina hicho hicho joto lapita 250 kwa sababu Bonde la Ufa ardhi imetanuka ikawa nyembamba na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iko karibu.

Halafu joto peke yake halitoshi wallahi, hapa ndo wengi wapotea. Lazima kuwe na maji, kuwe na mwamba wenye nyufa yapite, na juu yake tabaka lisilopitisha kitu, likae kama kifuniko cha sufuria ya pilau mvuke usitoroke. Hayo yakikutana ndo mainjinia waita rezava. Maji ya mle ni moto kupita 200 lakini hayachemki sababu ya presha, yakipanda kisimani presha yashuka na sehemu yageuka mvuke hapo hapo. Separeta yatenga mvuke na maji, mvuke waenda kuzungusha tabaini, ile mashine ya mapanga inayoendesha jenereta ya stima, yale maji ya chumvichumvi yanayobaki, braini, yarudishwa chini kwa kisima kingine. Hii ya kurudisha watu waidharau na mie naona ndo roho ya kazi yote, usiporudisha presha ya rezava yashuka na visima vyachoka mapema. Olkaria ilianza 1981 na mtambo wa megawati 15 na hadi leo Olkaria yazalisha stima.

Kuna aliyesema hapo juu tutumie bainari, ile ambayo maji moto yachemsha kimiminika kingine kinachochemka kwa joto dogo, mvuke wake ndo uzungushe tabaini. Ni kweli yafanya kazi hata kwa digrii 110, na Olkaria pia ipo, lakini kumwaga mamilioni ya dola kwa kisima kirefu hapa upate joto hilo dogo, na maji yenyewe hujui kama yako, siungi mkono. Stima ya Olkaria iko kwenye gridi, ule mtandao wa stima wa nchi nzima, na hutufikia hadi huku, pesa bora ziende kuchimba kule kule na kuongeza laini za kuja pwani.