Maswali na Majibu: Exoneura hana asali, tuelewane

Tangu nimtaje Exoneura, jenasi ya nyuki wanaopatikana Australia peke yake, barua nyingi zinauliza bei ya asali yake.

Mzinga mmoja hutoa lita ngapi?
Sifuri. Hana mzinga, hana masega. Nilishalijibu hili na sitalirudia.

Ni mkubwa kiasi gani?
Hafiki milimita 10.

Bila masega, watoto analelea wapi?
Swali la mtu aliyesoma. Jike hutafuta shina kavu lililovunjika, lenye kiini laini: rasiberi, lantana, au, katika misitu ya jimbo la Victoria, makuti makavu ya makangaga-miti. Hukichimba kiini mpaka apate handaki, akataga ndani kabisa. Nyuki wengi wapweke huliwekea kila yai chumba chake na posho yote ya chavua, wakaziba na kuondoka. Exoneura hatengi vyumba. Mabuu hulala pamoja, naye huwalisha kidogo kidogo hadi wakue. Mara nyingi majike kadhaa huishi shina moja, mmoja akiziba mlango kwa tumbo lake. Hakuna aliyezaliwa na umbo la kibarua, kama ilivyo kwa nyuki wa asali. Hata hivyo doezi wapo: nyuki wa jenasi Inquilina, nao wa Australia tu, huingia humo na kula jasho la wenyeji.

Alifikaje Australia?
Kabila lake, yaani kundi la jenasi zenye udugu, huitwa Allodapini na lina asili ya Afrika. Mababu walivuka makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Jamaa zake, akina Braunsapis na Allodape, bado wapo Afrika, nao hukaa kwenye mabua. Ajabu ni kwamba sijapata barua hata moja inayowauliza hao.

Naweza kuagiza wachache nifuge?
Hapana. Australia yenyewe ililetewa nyuki wa asali mwaka 1822, na leo wametapakaa porini wakigombania maua na nyuki wenyeji. Mwaka 2022 utitiri wa varroa, kimelea wa nyuki wa asali, ukagunduliwa jimbo la New South Wales, mizinga ikateketezwa kwa maelfu. Anayesafirisha nyuki husafirisha na maradhi yao.

Niko Melbourne, nachoma mabua ya rasiberi kila nikipogoa. Kuna ubaya?
Upo, ndugu yangu: huenda unachoma mama na wanawe. Majike hupitisha baridi humohumo ndani. Acha mabua kadhaa yasimame, ncha zilizokatwa zikiwa wazi. Utakayoyakata, yafunge mafungu uyaning'inize pakavu. Na dawa ya wadudu iache dukani.